Msimu wa 2023 wa NRLW ndio wa kwanza ambao jedwali lake ninaliamini

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila inapozungumzwa raga ya wanawake, mjadala huishia kwenye fainali: nani alitwaa kombe, nani alifunga trai ya mwisho, nani alitoka uwanjani akilia. Leo naomba tuliangalie jambo lisilo na mvuto wa picha lakini ndilo linaloubeba msimu mzima, nalo ni jedwali. Hoja yangu ni kwamba msimu wa 2023 wa NRLW, yaani ligi kuu ya klabu za wanawake nchini Australia katika raga ya wachezaji 13, ndio wa kwanza ambao jedwali lake lilifanya kazi iliyokusudiwa, na kwamba sababu yake si ile inayorudiwa kila siku ya kuongezeka kwa idadi ya mechi.

Kwa ambao hawajaifuatilia, ligi hii ilianza mwaka 2018 ikiwa na timu nne tu: Brisbane Broncos, Sydney Roosters, St George Illawarra Dragons na New Zealand Warriors. Kila timu ilicheza mechi tatu, mbili za juu zikaenda fainali, na shughuli ikawa imekwisha. Ukizihesabu zote ni mechi saba, msimu mzima. Broncos walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo kwa utaratibu huo, wakiwafunga Roosters 34–12 mwaka 2018, Dragons 30–6 mwaka 2019, na Roosters tena 20–10 mwaka 2020. Sina shaka kwamba walikuwa bora, lakini timu inayocheza mechi tatu kabla ya fainali inapimwa kwa kipimo kifupi mno, na majeruhi wawili katika wiki moja wanatosha kuuharibu mwaka wake wote.

Kisha yakaja ya korona. Msimu wa 2021 uliahirishwa hadi Februari 2022, Warriors wakajitoa, na Newcastle Knights, Parramatta Eels na Gold Coast Titans wakaingia, hivyo zikawa timu sita. Kwa kuwa msimu wa 2022 wenyewe ulianza Agosti, mwaka mmoja wa kalenda ukapata mabingwa wawili: Roosters mwezi Aprili, kwa kuwafunga Dragons 16–4, na Knights mwezi Oktoba, kwa kuwafunga Eels 32–12.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Hao Knights walikuwa wamepoteza mechi zao zote tano katika msimu uliomalizika Aprili, na nusu mwaka baadaye wakawa mabingwa. Hilo tuliache kwanza, nina hakika kuna atakayelifafanua. Waangalieni Eels. Katika msimu wa 2022 walishinda mechi moja tu kati ya tano. Broncos nao walishinda moja, Titans nao moja. Timu tatu zikawa na pointi mbili kila moja kwenye msimamo, zikatenganishwa kwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa, Eels wakaangukia nafasi ya nne, wakaenda nusu fainali kukutana na Roosters walioshinda mechi zote tano, na wakawatoa 24–10. Timu yenye ushindi mmoja ikaingia fainali ya taifa, na timu ambayo haikuwa imefungwa hata mara moja ikafunga virago.

Siwalaumu Eels, kwa sababu walicheza kwa kanuni walizozikuta. Ninachosema ni kwamba ukizipa timu nne kati ya sita nafasi ya kusonga mbele, jedwali linabaki na kazi moja tu ya kuziondoa mbili, na mwaka ule hata kazi hiyo lilishindwa kuifanya kwa kutumia ushindi wa uwanjani, likaifanya kwa kikokotoo.

Mwaka 2023 wakaongezwa Canberra Raiders, Cronulla Sharks, North Queensland Cowboys na Wests Tigers kwa mkupuo. Timu zikawa 10, kila moja ikacheza na nyingine mara moja, yaani mechi tisa kwa kila timu na mechi 45 kwa jumla, lakini waliosonga mbele wakabaki wanne walewale. Naomba mzingatie hapo: hata mwaka 2022 kila timu ilicheza na kila nyingine mara moja, kwa hiyo upande huo hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba mlango haukupanuliwa wakati nyumba inapanuliwa. Ilibidi timu sita ziachwe nje, na timu yenye ushindi mmoja, au hata mitatu, haikuwa na pa kupenya.

Knights walimaliza wakiwa vinara kwa kushinda mechi nane kati ya tisa, Roosters wakawa wa pili, Titans wa tatu, Broncos wa nne. Katika nusu fainali Knights waliwafunga Broncos 30–24, Titans wakawatoa Roosters 12–0, na tarehe 1 Oktoba katika uwanja wa Accor jijini Sydney Knights wakatetea taji lao kwa 24–18. Eels, wanafainali wa mwaka uliotangulia, hawakuingia hata nne bora. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini nadhani umeuchagua mwaka unaokufaa ukauacha unaokusumbua. Unasema jedwali la 2023 linaaminika, na ukiniuliza ni kwa nini nikuamini, naona sababu kubwa ni kwamba kinara wa jedwali ndiye aliyebeba kombe. Sasa hebu tuziangalie hizo mechi mbili za mwisho za Knights. Nusu fainali waliishinda kwa pointi sita, fainali wakaishinda kwa pointi sita. Pointi sita katika mchezo huu ni trai moja ya pointi nne pamoja na mkwaju wake wa nyongeza wa pointi mbili. Kila moja kati ya mechi hizo ingeweza kugeuzwa na mpira mmoja uliodondoka karibu na mstari, na kama ungegeuka, leo ungekuwa unaandika uzi wa kulaumu kanuni.

Isitoshe, tazama msimu wa 2025. Timu zimekuwa 12 baada ya Warriors kurejea na Canterbury Bulldogs kuingia, kila timu imecheza mechi 11, na Roosters wameshinda zote 11. Wamefika fainali na kufungwa na Broncos 22–18. Mechi zilikuwa nyingi kuliko mwaka 2023, jedwali lilikuwa refu kuliko mwaka 2023, na bado timu ambayo haikuwa imefungwa imerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo ama jedwali la 2025 nalo haliaminiki, ama hoja yako inahusu bahati ya mwaka mmoja.

Mimi naona huu ni utamaduni wa raga ya Australia tangu zamani, upande wa wanaume na wa wanawake: bingwa anapatikana siku ya mwisho, na jedwali ni njia ya kumfikisha huko. Anayetaka bingwa wa jedwali akafuatilie mpira wa miguu wa Ulaya.

Mleta uzi

Mkuu, nashukuru kwa pingamizi, na mfano wa 2025 ni mzito. Hata hivyo, sijasema popote kwamba jedwali lina kazi ya kumtaja bingwa. Kazi yake ni kuamua nani ana haki ya kushindania ubingwa, na kwa kazi hiyo Broncos wa 2025 hawana tatizo lolote, kwa sababu walikuwa timu iliyostahili kuwepo pale siku ya fainali. Timu bora ikifungwa na timu nyingine bora kwa pointi nne, huo ni mchezo. Kilichotokea 2022 ni tofauti kabisa, kwa maana timu iliyopoteza mechi nne kati ya tano ilipewa nafasi sawa na timu iliyoshinda tano kati ya tano.

Na kwa kuwa umeutaja mwaka 2025, niongeze kwamba mwaka huo ndio ulionifanya niandike. Walipoongeza timu kutoka 10 hadi 12 wakaongeza pia nafasi za kusonga mbele kutoka nne hadi sita. Fanya hesabu: mwaka 2022 walisonga mbele theluthi mbili ya washiriki, mwaka 2023 wakasonga asilimia 40, na mwaka 2025 wamerudi kwenye nusu. Wameusogeza mlango upande uleule tuliotoka. Afueni ni kwamba timu mbili za juu zinapewa wiki ya kupumzika wakati nne za chini zinatoana, hivyo kumaliza juu bado kuna faida inayoonekana, lakini msimu wa 2023 ulikuwa mkali zaidi, na ukali huo ndio ninaoutetea.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, naomba nilifafanue lile suala ambalo mleta uzi amelipitia juu juu, la Knights kutoka mkiani hadi ubingwa ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu nadhani ndiko liliko jibu la mambo mengi mnayobishania.

Katika misimu ile ya mwanzo wachezaji walikuwa wakisaini mikataba ya msimu mmoja mmoja. Msimu ukiisha, kikosi chote kiko sokoni. Knights walipomaliza bila ushindi mwezi Aprili 2022, hawakuhitaji miaka mitatu ya kujenga timu kama ambavyo klabu ya wanaume ingehitaji. Waliingia sokoni wakamchukua Tamika Upton na Millie Boyle kutoka Broncos, wakamchukua Hannah Southwell kutoka Roosters, na mdogo wake Hannah, Jesse Southwell, akapewa jezi namba 7, ile ya mwendesha mchezo, akiwa na umri wa miaka 17. Boyle, mtakumbuka, ndiye aliyekuwa ameshirikiana na Emma Tonegato tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 2021, ile Dally M. Ukiunganisha hao na chipukizi wa mkoa wao, una timu ya ubingwa. Na upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba Broncos, waliotwaa mataji matatu, walishinda mechi moja tu mwaka 2022.

Kwa hiyo ndugu zangu mnapobishana kama jedwali la mwaka fulani linaaminika, ulizeni kwanza linapima nini. Mwaka 2022 lilikuwa linapima nani alifanya usajili mzuri miezi michache iliyopita, na timu ambazo wachezaji wake walikuwa wamefahamiana kwa wiki chache tu zilikuwa zinapewa mechi tano za kuzoeana. Mechi ya tano inapomalizika ndipo mchezaji wa safu ya kati anaanza kujua mwenzake anapenda kupokea mpira upande gani, na msimu umekwisha.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka uleule wa 2023. Mwezi Agosti, ligi ikiwa tayari inaendelea, uongozi wa NRL, yaani chombo kinachoisimamia ligi hii na ile ya wanaume, na chama cha wachezaji walifikia makubaliano ya miaka mitano ambayo kwa mara ya kwanza yaliwajumuisha wanawake. Hayakupatikana kirahisi, kwani kabla yake wachezaji walikuwa wamegoma kuzungumza na vyombo vya habari na kuifunika nembo ya NRL kwenye jezi zao kwa utepe. Kima cha chini cha malipo ya mchezaji wa NRLW kikawa dola 30,000 za Australia kwa mwaka 2023, kikipanda hatua kwa hatua hadi dola 50,600 mwaka 2027. Ikawekwa pia bima ya afya na utaratibu wa likizo ya uzazi, na klabu zikaruhusiwa kumfunga mchezaji kwa zaidi ya msimu mmoja.

Dola 30,000 nchini Australia si pesa ya mtu kuacha kazi, tusidanganyane. Wengi wao waliendelea kuwa walimu, wauguzi, maofisa wa polisi, wakifanya mazoezi jioni. Lakini mkataba wa miaka miwili au mitatu unambadilishia mchezaji maisha hata kabla ya pesa kuongezeka, kwa sababu anaweza kuhamia mji wa klabu yake akijua atakuwepo mwakani, anaweza kumwambia mwajiri wake tarehe, na kocha anaweza kumfundisha kitu ambacho matunda yake yataonekana msimu ujao. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitakachoyafanya majedwali yaaminike, kuliko hesabu ya nne kati ya 10 au sita kati ya 12.

Mleta uzi

Dada yangu, hoja hii naipokea karibu yote. Nina swali moja tu. Titans walishika mkia mwaka 2022 na mwaka 2023 wakafika fainali. Je, nao ni soko tu?

Mchangiaji wa pili

Kwa sehemu ni soko, lakini kwa sehemu kubwa ni kocha. Titans walimkabidhi timu Karyn Murphy, aliyekuwa nahodha wa jimbo la Queensland na wa timu ya taifa ya Australia, na mara moja ukaona timu inayokaba kwa nidhamu. Nusu fainali ile ya 12–0 dhidi ya Roosters itazameni tena kama mnaweza kuipata. Kuwanyima Roosters pointi hata moja kwa dakika 70, timu yenye Isabelle Kelly kwenye safu yake ya nyuma, ni kazi ya watu waliofundishwa wakafundishika. Kila Roosters walipopewa mikimbio yao sita ya kushambulia, ukuta wa Titans ulikuwa umeshajipanga kabla mpira haujachezwa.

Na kuna jambo moja la fainali ile ambalo sijaliona likiandikwa sana kwa Kiswahili. Medali anayopewa mchezaji bora wa fainali ya NRLW inaitwa Medali ya Karyn Murphy. Mwaka 2023 Murphy mwenyewe alikuwa kwenye benchi la timu iliyofungwa, na medali yenye jina lake akavishwa Tamika Upton, mchezaji aliyekuwa amewasumbua vijana wake mchana kutwa. Upton huyo alitwaa pia Dally M ya mwaka huo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nakuja na malalamiko. Mnausifia upanuzi wa 2023 kana kwamba haukuwa na gharama. Ligi iliyokuwa na timu sita mwezi Oktoba 2022 ilikuwa na timu 10 mwezi Julai 2023. Kila klabu inahitaji wachezaji zaidi ya 20 wa kiwango cha kucheza mchezo wa kugongana kwa nguvu bila kuumizana ovyo. Hao wachezaji karibu mia wa ziada walitoka wapi ndani ya miezi tisa? Niliwatazama baadhi ya timu mpya na nikaona mabeki wanaojua kukimbia na mpira lakini hawajui wasimame wapi wasipokuwa nao. Jedwali linaweza kutenganisha timu vizuri kwa sababu mbaya pia, yaani kwa sababu nusu ya timu ni dhaifu.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, swali la walitoka wapi lina jibu, na ni jibu zuri. Walitoka kwenye michezo mingine na kwenye klabu zilizokuwa zimejaa. Tonegato, aliyehamia Sharks mwaka huo, na Evania Pelite wa Titans wote wana medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016 kutoka raga ya wachezaji saba. Sheridan Gallagher, winga wa Knights, alitoka kwenye mpira wa miguu. Kezie Apps alikwenda kuwa nahodha wa Tigers, Zahara Temara akaenda Raiders, Kirra Dibb akaenda Cowboys: hao ni wazoefu waliogawanywa, kila mmoja akaenda kuwa mwalimu wa wasichana 20 wapya uwanjani. Timu dhaifu zilikuwepo, nakubali, ila hakuna njia ya kumfundisha mtu kusimama mahali sahihi kwenye ligi kuu isipokuwa kumpanga kwenye ligi kuu.

Na kama unataka kipimo cha nje ya jedwali, kipo. Tarehe 19 Novemba 2022, kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Old Trafford, Australia waliwafunga New Zealand 54–4. Wakati huo wachezaji wengi wa New Zealand walikuwa hawana nafasi kwenye ligi ya timu sita. Ukaja msimu wa timu 10, nafasi zikaongezeka, wanawake wengi zaidi kutoka New Zealand wakapata klabu, na Georgia Hale akaonekana akiiongoza Titans hadi fainali. Mwezi huohuo wa Oktoba 2023, timu hizo mbili za taifa zilipokutana Melbourne, New Zealand walishinda 12–6. Kutoka pengo la pointi 50 hadi ushindi, ndani ya mwaka usiotimia. Siwezi kusema ligi peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini atakayesema upanuzi ulishusha kiwango ana kazi ya kunieleza matokeo hayo.

Mchangiaji wa tatu

Mfano wa Melbourne ni mzuri na sina la kuujibu kwa sasa. Hata hivyo, bado nasema kwamba wangeongeza timu mbili mwaka 2023 na mbili nyingine baadaye, wangefika palepale bila zile mechi za upande mmoja. Mwaka 2025 ndivyo walivyofanya, wakaongeza mbili tu, jambo linalonionyesha kwamba hata wao wenyewe walijifunza.

Mchangiaji wa tano

Wakuu, naomba kuuliza. Nimesoma kwamba fainali ya 2023 ilihudhuriwa na watu zaidi ya 40,000. Je, idadi hiyo ni ya watu waliokuja kuwatazama wanawake?

Mchangiaji wa kwanza

Fainali ya wanawake huchezwa siku moja na ya wanaume, uwanja mmoja, ikitangulia. Mwaka 2023 iliyofuata ilikuwa Penrith Panthers dhidi ya Brisbane Broncos, iliyoishia 26–24. Kwa hiyo hao 40,000 walikuwa na tiketi ya siku nzima, na waliamua kuwahi. Wengine wataiona idadi hiyo kuwa ya kuazima, lakini mimi naona kwamba mtu mwenye tiketi ya mechi ya jioni anayeketi kwenye kiti chake alasiri amefanya uamuzi, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha.

Mchangiaji wa sita

Mleta uzi, jedwali lako unalolipenda lina kasoro moja ambayo hujaigusa. Timu 10 zikicheza mechi tisa, haiwezekani kila timu ikacheza nyumbani na ugenini kwa idadi sawa. Nusu ya timu inapata mechi tano za nyumbani na nusu inapata nne. Katika ligi ya mechi 38 mchezo mmoja wa nyumbani hauonekani, lakini katika ligi ya mechi tisa ni kitu. Ongeza na safari zenyewe: Cowboys wako Townsville, kaskazini mwa Queensland kwenye joto, Raiders wako Canberra ambako usiku wa Julai ni baridi kali, na wachezaji wenye kazi nyingine wanasafiri Ijumaa na kurudi kazini Jumatatu.

Halafu msimu ule ulianza tarehe 22 Julai, siku mbili baada ya kuanza kwa Kombe la Dunia la FIFA la wanawake lililofanyika hukohuko Australia na New Zealand hadi tarehe 20 Agosti. Viwanja vikubwa vya Sydney na Brisbane vilikuwa mikononi mwa FIFA, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo baadhi ya timu, Roosters na Broncos zikiwemo, hazikuwa na nyumba zao halisi. Nilitegemea mtetezi wa jedwali angelitaja hilo.

Mleta uzi

Hilo la nyumbani na ugenini ni kweli tupu, na halikwepeki kwa timu yoyote inayocheza idadi ya mechi isiyogawanyika kwa mbili. Hata msimu wa 2025 wenye mechi 11 una tatizo hilohilo, sita kwa tano. Njia mojawapo ya kulipunguza ni kuhakikisha kwamba timu iliyopata mechi chache za nyumbani mwaka huu inapata nyingi mwakani, na kwa kuwa sasa mikataba ni ya muda mrefu kama dada alivyoeleza, kikosi kilichoumia mwaka huu ndicho kitakachofaidika mwakani. Enzi za mikataba ya msimu mmoja fidia hiyo isingekuwa na maana, kwa sababu waliodhulumiwa wangekuwa wamekwishatawanyika.

Kuhusu viwanja vya FIFA, niseme tu kwamba Roosters walimaliza wa pili na Broncos wa nne pamoja na usumbufu huo, ilhali Knights, ambao Newcastle haikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, waliutumia uwanja wao kama kawaida na wakamaliza wa kwanza. Kama kuna anayetaka kudai kwamba Knights walibebwa na ratiba, hapo ndipo pa kuanzia, na mimi nitamsikiliza, ingawa ushindi wa mechi nane kati ya tisa ni vigumu kuueleza kwa uwanja peke yake ilhali baadhi ya hizo nane zilipatikana ugenini.

Ninachokipendekeza, kama kuna mwenye sikio la wakubwa wa ligi, ni hiki: timu zikibaki 12, nafasi za kusonga mbele zirudishwe kuwa nne. Watasema kwamba watapoteza mechi mbili za mtoano na mapato yake ya televisheni, na ni kweli. Lakini ukizirudisha kuwa nne, mechi za wiki ya tisa, ya 10 na ya 11 zinakuwa za kufa na kupona kwa timu zilizo nafasi ya tatu hadi ya saba, na hizo ni mechi nyingi kuliko mbili.

Mchangiaji wa sita

Hapo kwenye nne nitakuunga mkono siku watakapoongeza raundi. Kwa mechi 11, na ratiba isiyo sawa, sita naiona ndiyo bima ya timu iliyoonewa na kalenda.